Gari moja, njia moja, na lita kumi za tofauti kila wiki

Mzee wetu wa safu ya usukani, assalaam alaykum.

Mimi ni mwalimu. Nakaa Mkoani, Pemba, na nafundisha katika skuli moja ya Chake Chake. Huu ni mwaka wa pili tangu mimi na mume wangu tununue gari dogo lililokwishatumika, Toyota Carina ya injini ya cc 1500 na gea za otomatiki, na kila siku ya kazi nawachukua walimu wenzangu watatu ambao hunichangia fedha za mafuta. Kutoka nyumbani hadi skuli ni karibu kilomita 30, kwa hivyo kwenda na kurudi ni 60, na kwa wiki ya siku tano ni 300.

Shida yangu ni kwamba gari linakula mafuta kupita kiasi. Nimeweka risiti za wiki nne na jumla yake ni lita 144, yaani lita 36 kwa wiki. Kila ZURA, mamlaka inayopanga bei za mafuta Zanzibar, inapotangaza bei ya mwezi mpya naomba Mungu isipande, kwa sababu nikiwaambia wenzangu waongeze mchango naziona nyuso zao zinabadilika. Mmoja wao amefika kuniambia waziwazi kwamba huenda nawalipisha mafuta ya mizunguko yangu ya nyumbani. Maneno hayo yameniuma sana.

Lililonishangaza zaidi ni hili. Mwezi uliopita niliumwa, na shemeji yangu akalichukua gari wiki nzima kwenda nalo kazini Chake Chake, akatumia lita 26 tu. Nilipomuuliza siri yake, alisema kwamba kila akifika kwenye mteremko hutia nyutro akaliachia gari literemke lenyewe, na pahala pengine huzima injini kabisa. Mume wangu anataka nami nijifunze kufanya hivyo, lakini naogopa.

Fundi wa kwanza niliyemwendea amesema nibadilishe nozeli zote. Wa pili amenishauri ninunue dawa ya chupa ya kutia ndani ya tangi. Mimi sioni kwamba naendesha vibaya. Asubuhi naliwasha gari nikaliacha lingurume dakika kumi na tano huku nikiwatayarisha watoto, kisha tunakwenda mbio kidogo kwa sababu kengele ya skuli haisubiri mtu. Mchana nawasubiri wenzangu getini injini ikiwaka, kwani AC tunaihitaji: mmoja wetu ana pumu na vumbi linamdhuru. Juu ya paa kuna keria aliyoifunga mume wangu msimu wa karafuu. Pia kwenye dashibodi kuna taa ya rangi ya chungwa iliyoandikwa O/D OFF, ambayo inawaka tangu siku tuliyolinunua gari, na fundi alisema haina madhara. Naomba unielekeze nianzie wapi kabla sijatoa fedha.

Mwalimu wa Mkoani

JIBU

Waalaykum salaam warahmatullah, Bi Mwalimu.

Nitaanza na mteremko, kwa sababu hilo haliwezi kusubiri. Hofu yako ni ya haki na nakuomba uishikilie. Mwambie mume wako kwa upole, na shemeji yako vilevile, kwamba gari lililozimwa injini mteremkoni ni gari lililonyang'anywa nusu ya breki zake. Breki za Carina yako husaidiwa na mvuto wa hewa unaotengenezwa na injini inapozunguka. Injini ikizimwa, akiba iliyobaki humtosha dereva kukanyaga mara moja au mbili hivi, kisha pedali huwa ngumu kama jiwe. Usukani nao huwa mzito, na ufunguo ukirudishwa nyuma kupita kiasi unaweza kuufunga kabisa wakati kona iko mbele yako. Kwa gari la otomatiki kuna madhara mengine yasiyoonekana: pampu inayosambaza mafuta ndani ya gea boksi huzungushwa na injini, kwa hivyo gari likiteremka limezimwa, vyuma vya ndani huzunguka bila ya kulainishwa vya kutosha. Mtu anayeokoa kikombe cha petroli kwa njia hiyo anaweza kuja kununua gea boksi nzima.

Kuhusu nyutro injini ikiwa inawaka, jambo hili linahitaji kuelezwa vizuri, kwa sababu wanaolifanya ni wengi na wanaamini kwa dhati kwamba wanaokoa mafuta. Desturi hii imetokana na magari ya zamani ya kabureta, ambayo yaliendelea kuvuta petroli hata dereva alipoinua mguu. Gari lako si la namna hiyo. Injini yako inalishwa kwa nozeli zinazoamrishwa na kompyuta ndogo, na unapoinua mguu wote kutoka pedali ya mafuta huku gari likiwa ndani ya D, yaani gea ya kwendea mbele, na likienda kwa mwendo wa kutosha, kompyuta hiyo hukata petroli kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, nayo haitumii kitu mpaka mizunguko yake ishuke na kukaribia ile ya kusimama. Ukitia nyutro unaivunja kamba hiyo baina ya magurudumu na injini, na sasa injini inalazimika kuchoma petroli ili isizimike. Kwenye mteremko mkali, kwa hivyo, anayetia nyutro anatumia mafuta zaidi kuliko anayebaki ndani ya D, na juu ya hayo anazichosha breki peke yake. Ni kweli kwamba kwenye mteremko mpole sana gari lililo ndani ya D litapunguza mwendo na itakubidi uguse mafuta kidogo. Hasara hiyo ni ndogo mno, na haifai kubadilishwa na usalama wa watu wanne.

Utaniuliza, basi yale mafuta shemeji aliyaokoa wapi? Sehemu moja ya jibu ni kwamba hesabu zenu hazilingani. Risiti zako zimekusanya mafuta yote ya gari, pamoja na ya sokoni, ya harusini na ya kumpeleka mtoto hospitali, ilhali kilomita ulizonihesabia ni za skuli peke yake. Yeye alikwenda kazini na kurudi, na bila shaka hakuwa na abiria watatu. Lakini sehemu kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni mguu wake. Mtu anayewaza mteremko hutazama mbali. Huinua mguu kabla hajafika kileleni, hakimbilii kona, na huliacha gari lipungue lenyewe badala ya kulibana kwa breki. Nyutro haikumsaidia kitu. Kilichomsaidia ni kule kuinua mguu mapema, na hilo unaweza kulifanya wewe ukiwa ndani ya D, injini inawaka, breki zote ziko chini ya amri yako.

Sasa nitazame ile taa, maana ndiyo iliyonishtua niliposoma barua yako. Gea boksi yako ina gea nne za mbele, na ya nne ndiyo inayoiruhusu injini izunguke polepole gari likiwa limeshika mwendo. Taa ya O/D OFF ikiwaka ina maana gea hiyo imefungiwa. Kwa lugha nyepesi, kwa muda wote huu umekuwa ukitoka Mkoani hadi Chake Chake kwa gea ya tatu, injini ikizunguka zaidi ya inavyohitajika kila barabara inaponyooka. Tafuta kitufe kidogo ubavuni mwa mkono wa gea, kibonyeze mara moja, na taa itazimika. Hakuna kitu cha kununua. Taa ikikataa kuzimika, au ikianza kumetameta, hapo mwone fundi mwenye kifaa cha kusoma hitilafu, kwani kumetameta ni ishara ya ubovu ndani ya gea boksi. Kitufe hicho si adui. Kwenye mlima mrefu ambapo gari linabadilisha baina ya gea ya tatu na ya nne bila ya kutulia, au kwenye mteremko mkali unapotaka injini isaidie kulizuia gari, kibonyeze taa iwake, kisha ukimaliza kilima uizime. Pemba ni kisiwa cha vilima, si kama Unguja ambako unaweza kwenda mbali bila ya kupanda, na kwa hivyo dereva wa Pemba anapaswa kukijua kitufe hiki kuliko dereva mwengine yeyote.

Tukirudi kwenye mguu, nitakueleza kwa njia yako mwenyewe. Unapopanda kilima cha kutoka bandarini Mkoani, usilisukume gari lifike juu kwa mwendo uleule uliokuwa nao chini. Shika mafuta pahala pamoja, liache lipungue kidogo, na kabla ya kilele inua mguu polepole, kwa sababu uzito wa gari wenyewe utakumalizia kazi. Mkifika kwenye vijiji ambavyo barabara inapita katikati yake, tazama mbele mita mia mbili badala ya kuitazama namba ya gari lililo mbele yako. Ukiliona tuta, au gari ya abiria iliyowasha taa ya kusimama, au wanafunzi wanaosubiri kuvuka, inua mguu hapohapo. Kila mara unapokanyaga breki kwa nguvu unautupa mwendo ambao umekwisha kuulipia kituoni, kisha unaununua tena upya baada ya tuta. Idara ya Nishati ya Marekani, ambayo imelishughulikia jambo hili kwa miaka mingi, inasema kwamba kuendesha kwa papara, yaani kukanyaga mafuta kwa ghafla, kukimbia na kufunga breki, kunaweza kupunguza kilomita za kila lita kwa asilimia 15 hadi 30 kwenye barabara kuu, na asilimia 10 hadi 40 kwenye njia za kusimama na kuondoka. Hakuna nozeli wala dawa ya chupa itakayokupa kiasi hicho.

Umesema mnakwenda mbio kidogo kwa ajili ya kengele. Hebu tuipige hesabu hiyo, kwani wewe ni mwalimu. Kilomita 30 kwa mwendo wa 60 kwa saa ni dakika 30, na kwa mwendo wa 80 ni dakika 22 na nusu. Faida ni dakika saba na nusu, na hiyo ni kwa barabara tupu iliyonyooka, ambayo sote tunajua siyo ile unayopita. Kwa kona, vijiji na ng'ombe utabakiwa na dakika nne au tano. Upande wa pili wa hesabu ni upepo. Nguvu ya hewa inayolizuia gari haiongezeki sawasawa na mwendo. Huongezeka kwa mraba wake, kwa hivyo kutoka 60 hadi 80 upinzani huo unakua karibu mara 1.8. Hiyo ndiyo bei ya dakika tano.

Na dakika hizo unazo nyumbani kwako! Zile kumi na tano unazoliachia gari lingurume uani hazina haja. Injini ya namna hii, katika hali yetu ya joto, inahitaji nusu dakika ya kupata mafuta yake ya kulainisha, kisha inataka kuendeshwa kwa upole kilomita chache za mwanzo, na hupata joto upesi zaidi ikiwa inatembea kuliko ikiwa imesimama. Injini ya ukubwa wako ikisimama inawaka hutumia karibu lita moja kwa saa, na zaidi AC ikiwa imewashwa. Robo saa ya asubuhi pamoja na, tukisie, robo saa ya kusubiri getini, kwa siku tano, ni saa mbili na nusu, yaani zaidi ya lita mbili kwa wiki ambazo hazikumfikisha mtu pahala popote. Watayarishe watoto kwanza, uliwashe gari baadaye, na uondoke dakika kumi mapema. Mchana liegeshe chini ya mwembe, fungua madirisha ili joto litoke kabla ya kuondoka, na uwashe injini wenzako wote wakishafika.

AC usiizime. Najua utasikia watu wengi wakikuambia kwamba ndiyo inayomaliza mafuta, na ni kweli kwamba inakula, hasa gari linapokwenda polepole, lakini una mgonjwa wa pumu ndani ya gari na pumzi yake haipimwi kwa lita. Ukiwa peke yako, ndani ya mji na kwa mwendo mdogo, fungua madirisha. Barabara ikinyooka na mwendo ukiongezeka, madirisha wazi nayo hukamata upepo, na faida yake hupungua.

Keria ifunguliwe. Karafuu zimekwisha kwenda zake na chuma kimebaki kupigana na upepo kila siku. Mume wako akiihitaji msimu ujao ataifunga tena, kazi ya spana moja na nusu saa. Angalia pia buti: uzito wowote usio na kazi, uwe mpira wa pili wa akiba au gunia lililosahauliwa, unabebwa juu ya kila kilima.

Mipira ipimwe upepo mara mbili kwa mwezi, asubuhi kabla hujaondoka, kwa sababu mpira uliopata moto huonyesha kipimo cha juu kuliko hali yake. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilichoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari ya Japani mara nyingi huandika kwa kPa, na ukikuta 220 ujue ni karibu psi 32 kwenye saa ya mwenye kupiga upepo. Sitakuahidi makubwa hapa. Upepo ukipungua psi 10 kwa mipira yote, hasara ya mafuta ni asilimia 2 hivi. Lakini mpira laini huliwa pembeni na hukaa vibaya kwenye kona yenye maji, na hilo kwangu mimi ni zito kuliko mafuta.

Sasa mafundi. Nozeli nne hazibadilishwi kwa kukisia. Kama injini haitikisiki ikisimama, haikosi moto, haitoi moshi mweusi na hakuna harufu ya petroli mbichi, basi huna ushahidi dhidi ya nozeli. Dawa ya tangini nayo nakuomba uiache. Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani limevipima zaidi ya vifaa na viongezo 100 vilivyodaiwa kupunguza matumizi ya petroli, na ni vichache mno vilivyoonyesha faida yoyote. Kuna mambo mawili, hata hivyo, ambayo ningependa fundi wako ayatazame. La kwanza ni themostati, ile lango ndogo inayoyazuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ifike joto lake. Mafundi wetu wengi huing'oa kwa nia njema ili gari lisichemke, na matokeo yake injini inakwenda ikiwa baridi, kompyuta inadhani ndiyo kwanza imewashwa, na inaendelea kuimiminia petroli nyingi. Tazama mshale wa joto: kama umekwenda dakika kumi na bado umelala karibu na C, yaani upande wa baridi, au unashuka kila mnapoteremka, muulize fundi kama themostati ipo. La pili ni breki inayobana. Mkifika skuli, sogeza kiganja karibu na kila ringi bila ya kuigusa, na moja ikiwa na moto kuliko nyenzake, breki yake haiachii. Na kama taa ya injini inawaka, isomwe kwa kifaa, kwani kihisi cha oksijeni, kile kinachopima moshi unaotoka kwenye injini, kikifa kinaweza kuharibu matumizi ya mafuta kwa kiasi kikubwa kuliko mengi niliyoyataja.

Limebaki lile lililokuuma. Lita 36 kwa kilomita 300 ni kilomita 8.3 kwa lita, na lita 26 ni 11.5, lakini kama nilivyosema, hesabu ya kwanza siiamini kwa sababu kilomita za nyumbani hazimo. Jaza tangi mpaka bomba lijikate lenyewe, andika namba ya kilomita iliyomo kwenye dashibodi, endesha wiki nzima, kisha jaza tena kwenye pampu ileile kwa namna ileile. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo ulizotumia. Gawanya kilomita kwa lita hizo. Usibadilishe yote kwa siku moja: wiki ya kwanza zima taa ya O/D OFF peke yake, ya pili fungua keria na uache kuliungurumisha gari uani, ya tatu shughulikia mguu na saa ya kuondoka, ili ujue kila jambo limekupa nini. Ukifika kilomita 11 kwa lita, safari za skuli zitataka lita 27 hivi kwa wiki.

Kilomita za Jumamosi na Jumapili, na za kila mzunguko wa nyumbani, ziandikwe ukurasa wa peke yake na zilipwe na nyumba yako. Za skuli zigawanywe kwa watu wanne, nawe ukiwemo. Daftari lenyewe likae ndani ya gari pamoja na risiti, na kalamu mpe yule mwenzako aliyekutilia shaka, asome namba ya dashibodi na kuiandika kwa mkono wake, kuanzia Jumatatu ijayo mtakapojaza tangi.